Panya wa kiharusi: kwa nini apigwe MRI badala ya kupasuliwa tu?

bado_nasoma:
Wakuu nina presentesheni wiki ijayo, nimepewa mada ya panya wanaosababishiwa kiharusi maabara halafu wanafuatiliwa kwa MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) wanavyopona. Kinachonishinda ni hiki, zamani si walikuwa wanamuua panya, wanakata ubongo vipande, wanaloweka kwenye ile dawa ya TTC, palipo hai panageuka pekundu palipokufa panabaki peupe, kazi kwisha? Mashine yote ile ya nini kwa ubongo wa gramu 2?

nusukaputi:
Ukishamkata umemwona siku moja tu mkuu. Siku ya 14 unaangalia panya mwingine kabisa, na hapo ndo shida, maana kile kiuzi cha nailoni tunachopitishia shingoni kwenda kuziba mshipa hakikai sawa kila mara, huyu anaumia sehemu kubwa yule kidogo tu. Ukimpiga picha yuleyule siku ya 1, ya 3 na ya 14 unamlinganisha na yeye mwenyewe, na panya unaotumia wanapungua.

Halafu kuna fMRI, yaani MRI inayoonesha ubongo ukifanya kazi. Unamchomeka vijisindano viwili kwenye kiganja cha mbele, unapitisha kaumeme kadogo, unaangalia damu imeongezeka wapi kwenye ubongo. Soma kazi ya Dijkhuizen na wenzake ya 2003: mwanzoni ukisisimua mkono uliodhoofika, upande wa ubongo ulioumia kimya, unaitika ule mzima. Kufika siku ya 14 ulioumia umeanza kuitika tena. TTC haikuoneshi hicho hata ufanyeje.

bado_nasoma:
Sasa si amelala usingizi humo ndani? Anaitikaje?

nusukaputi:
Umenigusa kidonda. Isofluraini, ile gesi ya kumlaza, inatanua mishipa, na fMRI inafuata damu, haisomi neva moja kwa moja, kwa hiyo wengi wanahamia medetomidini, dawa nyingine ya kumlaza. Na joto nalo! Panya analazwa kifudifudi, meno kwenye kifimbo, pua kwenye kikoni cha gesi, maji ya moto yanazunguka chini yake kwenye mipira. Usiku mmoja pampu ilizima sisi tuko bize na skrini, kuja kustuka panya kashafika nyuzi 34. Picha zilitoka safi kabisa, ila ubongo uliopoa hivyo hauitiki kawaida, tukazitupa zote.

mazoezi_tiba:
Mimi nanyoosha wagonjwa wa kiharusi kila siku, naomba niwapunguze kasi kidogo hapo kwenye "kupona". Kuna lile jaribio la panya kuchukua punje ya chakula kwa mkono: akijifunza kuichukua kwa kuzungusha bega na kiwiliwili badala ya kunyoosha vidole, punje anaipata na alama anapewa, ila mkono uko vilevile. Nina mzee mmoja anainua kikombe hivyohivyo, bega juu mpaka sikioni, familia inapiga makofi.

Na ubongo wa panya hauna mikunjo, ile sehemu nyeupe ya nyuzi za neva ni kidogo sana kuliko yetu. Mnaikumbuka NXY-059, ile dawa ya kiharusi? Kwa wanyama ilipendeza, jaribio kubwa la watu lililochapishwa 2007 likaonesha haisaidii kitu.

nusukaputi:
Dada hapo kwenye bega sina ubishi. Maabara tulikuwa tunahesabu punje tu, video tulianza kuziangalia baadaye sana.

bado_nasoma:
Basi slaidi ya kwanza naweka video ya panya na punje, picha za MRI zinafuata. Nusukaputi, unazo za yule wa nyuzi 34 au mlifuta kabisa?