Kwa nini Mussolini hakunyimwa mafuta mwaka 1935?

Mwalimu_Masindi:
Habari zenu wana jukwaa. Nafundisha historia sekondari huku Masindi. Watoto hawa wanalijua kanisa walilojenga wakimbizi wa Kipolandi pale Nyabyeya, kwa hiyo vita vya Hitler kwao si hadithi ya mbali. Juzi mmoja kaniuliza: kama Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliiwekea Italia ya Mussolini vikwazo kwa kuivamia Ethiopia 1935, mbona Addis Ababa ilianguka Mei 1936? Nikamjibu kwamba Uingereza na Ufaransa ziliogopa vita. Akaniangalia tu. Vikwazo vyenyewe vilikuwa vya namna gani?

Dizeli_Gulu:
Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa malori ya mafuta, basi naanzia kwenye tangi. Tazama orodha ya Novemba 1935. Walizuia silaha, mikopo, mpira, bati, nikeli, na wanyama wa kubeba mizigo: farasi, nyumbu, punda, ngamia. Punda, mwalimu! Petroli hawakuigusa. Makaa ya mawe nayo yakapita. Na Mussolini alikuwa anapigana kwa ndege, vifaru na malori, akipandisha milima kutokea Eritrea. Lori lisilo na mafuta ni banda la kuku.

Halafu mfereji wa Suez. Meli za askari wake zilipita pale mbele ya macho ya Waingereza, zikilipa ushuru kama meli yoyote ya biashara. Kisingizio kikawa mkataba wa 1888, eti mfereji uwe wazi wakati wa amani na wa vita. Kuhusu mafuta wakasema Marekani si mwanachama wa Shirikisho, itauza tu. Hapo hawakusema uongo, mauzo ya Marekani yalipanda miezi ile ile.

Ila kiini, kwa maoni yangu, ni kwamba London na Paris zilimtaka Mussolini awe upande wao dhidi ya Hitler. Desemba, Hoare, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na Laval, waziri mkuu wa Ufaransa, wakakaa wakamkatia sehemu kubwa ya Ethiopia. Siri ikavuja magazetini, Hoare akajiuzulu. Ethiopia ikapotea, na Mussolini wasimpate. Machi 1936, Addis bado haijaanguka, Hitler akaingiza jeshi Rhineland, eneo la Ujerumani alilokatazwa kuweka askari. Mkalimani wake, Paul Schmidt, alisimulia kwamba Mussolini alikiri kwenye mkutano wa Munich 1938: mafuta yangezuiwa, angeondoka Ethiopia ndani ya wiki moja.

Nakato_K:
Kaka Dizeli, usiwachape peke yao. Mfano ulikuwa umeshawekwa. Japani iliivamia Manchuria, sehemu ya China, 1931, Shirikisho likatuma tume ya Lytton kuchunguza, na ripoti ilipotoka nchi ilikuwa imeshamezwa. Japani ikajitoa kwenye Shirikisho 1933 na hakuna aliyeigusa. Mussolini alikuwa na macho. Pia kumbuka raia wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wamezika vijana wao 1914-18. Mwanasiasa wa kuwaambia "twende tena" angepata kura ngapi?

Wa_Rakai:
Sisi wa mpakani hatuna haja ya kwenda Geneva kwenye makao ya Shirikisho. Novemba 1978 Amin alitangaza kuwa ardhi ya Tanzania hadi mto Kagera ni ya Uganda. OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ikahimiza mapigano yasimame na usuluhishi uanze, ikakwepa kumlaani mvamizi. Nyerere akakataa kusuluhishwa na mtu aliyeko sebuleni kwake. Januari jeshi lake likachukua Mutukula, Aprili 1979 likawa Kampala.

Dizeli_Gulu:
Wa Rakai, kweli kabisa, ila Nyerere alikuwa na jeshi. Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alisimama Geneva Juni 1936 jeshi lake likiwa limeshavunjika, na waandishi wa Italia wakampigia miluzi ukumbini. Julai vikwazo vikaondolewa. Nakato, hoja ya kura naipokea, lakini kufunga petroli hakukuhitaji kupeleka kijana hata mmoja. Vijana walikuja kupelekwa 1941 kuwatoa Waitaliano Ethiopia, na wengi walikuwa wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza kutoka huku kwetu Afrika Mashariki. Walipigana mpaka Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano, iliposalimu amri Novemba.