Mjadala: Binti wa Kiigbo arithi ardhi ya baba yake?

MLETA MADA: Wakuu, mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Nigeria ilimaliza kesi ya Ukeje. Mzee wa Kiigbo aliyeishi Lagos alifariki mwaka 1981 bila wosia, binti akadai fungu lake, mke na mtoto wa kiume wa marehemu wakapinga. Majaji wakaamua kwamba mila ya kumnyima mtoto wa kike urithi inakiuka kifungu cha 42 cha Katiba. Naunga mkono. Lakini mali ile ilikuwa ya mjini. Kijijini kuna obi, boma la baba, ambalo hushikwa na mtoto wa kiume wa kwanza pamoja na mzigo wake wote wa mazishi na kutunza waliobaki. Hukumu ifike mpaka hapo?

MCHANGIAJI WA 1: Isifike. Binti anaolewa ukoo mwingine, ardhi ikimfuata basi umunna, yaani wanaume wa ukoo wa baba, watakuta wageni juu ya makaburi ya babu zao. Na msisahau kesi ya Mojekwu. Jaji Niki Tobi wa Mahakama ya Rufani aliikemea mila ya oli-ekpe ya Nnewi, mji wa Waigbo, mwaka 1997, ile inayowapa ndugu wa kiume mali ya asiyeacha mtoto wa kiume. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikasema maneno yale hayakustahili, maana hakuna aliyeileta hoja hiyo mahakamani.

MLETA MADA: Na mtoto wa ndugu wa kiume wa marehemu, aliyedai mali kwa mila hiyo, akashindwa vilevile, hilo umeliruka. Hiyo ya "ameolewa, ametoka" ndiyo inanichosha. Umuada ni akina nani? Ni mabinti wa ukoo, wakiwemo walioolewa mbali. Msiba ukitokea wanarudi kwao, wanaamua ugomvi, wanatoza faini, na kaka zao wanatii. Ukitaka apatanishe ndugu ni wa kwenu, ukigawa shamba ni mgeni! Tena kuna nrachi: baba asiye na mtoto wa kiume humbakiza binti nyumbani azae watoto wa ukoo. Boma linamhitaji, ila kwa ajili ya tumbo lake tu.

MCHANGIAJI WA 2: Wahaya tulipita huko. Mwaka 1990, kesi ya Ephrahim na Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mwanza aliruhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Ukoo haukufa. Ila mabinti wengi bado hawaendi mahakamani, maana anayekwenda anawashtaki kaka zake, na ndio atakaowahitaji ndoa ikivunjika.

MCHANGIAJI WA 1: Nrachi nakubali ni kasoro. Obi bado sikubali.