Hivi Sinza tunafanya nini Ubungo? Turudishwe Kinondoni

Mtoto wa Mori
Wakuu, naleta hoja, matusi tuyaweke pembeni. Dar ilipotoka wilaya tatu kwenda tano, ile 2015 kuelekea 2016, Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke na Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni. Kata ya Sinza ikaangukia Ubungo. Mpaka leo sijaelewa kwa nini. Ukitembea kutoka Sinza kuingia Kijitonyama hujui mpaka ulipo: mitaa ile ile, viwanja vile vile, vilipimwa kwenye mradi mmoja. Lakini Kijitonyama wamebaki Kinondoni, sisi tumewekwa kapu moja na Kibamba, ambako watu bado wanalima mihogo. Zamani mwenye shida ya kibali cha ujenzi alikwenda Magomeni, hapo tu. Sasa manispaa iko Luguruni, ukizubaa kwenye gari unajikuta Kibaha. Na kusema ukweli Sinza haifanani na hao tuliopangiwa nao. Chukua hata Manzese hapo jirani, ukiingia tu unajua umetoka mjini umeingia vichochoroni. Serikali itufikirie.

Ramani Mkononi
Mkuu, jibu lako ni jepesi. Jimbo la Ubungo lilikuwepo kabla ya wilaya ya Ubungo. John Mnyika wa Chadema aliposhinda ubunge 2010 alishinda Ubungo, na Sinza ilikuwa humo ndani, pamoja na Manzese, Mabibo, Kimara, Mbezi mpaka Kibamba. Wilaya ilipokuja ilifuata mstari uliokuwepo. Kama mpaka unakuuma, ungelalamika miaka hiyo.

Kwetu Midizini
"Umetoka mjini umeingia vichochoroni." Sawa. Mimi wa Midizini, Manzese hiyo hiyo, nilikuwa napita tu humu, sasa nimekaa.

Kijana, mji unaousema umeupata wapi? Sinza ilikuwa mashamba, watu wana minazi na mikorosho yao. Manzese ilikuwa imejaa watu tayari, barabara ya Morogoro inapita mlangoni, wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki wanatoka zamu wanakuja kulala kwetu. Wakati huo nyie mlikuwa nyasi. Leo mtu anayekaa kwenye nyasi iliyopimwa anamwita mwenzake wa vichochoroni.

Mama Fremu
Nyasi iliyopimwa 😂😂 nimecheka peke yangu dukani

Fundi Chokaa
Kwa kumbukumbu zangu Sinza ilijengwa na Wachina, ni awamu moja na kiwanda cha Urafiki. Ndiyo maana mitaa imenyooka.

Mzee wa Kota
Fundi, usichanganye mafaili. Urafiki ndiyo ya Wachina, kiwanda kilifunguliwa 1968, na kota zake zipo hapo. Sinza ni fedha ya Benki ya Dunia. Mradi ule ulipitishwa 1974, ukaitwa wa viwanja na huduma: serikali inapima, inachonga barabara, inaleta maji, inaacha nafasi ya shule, zahanati na soko, halafu mwananchi anajenga mwenyewe kwa mkopo wa THB, ile Benki ya Nyumba. Dar yalichukuliwa maeneo matatu, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Mbagala na Tabata zilikuja awamu ya pili.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu wa Sinza hawapendi kuitaja. Mkopo huo huo ulikuwa na upande wa pili, wa kuboresha makazi yaliyokwisha jengwa bila kupimwa. Eneo kubwa kuliko yote upande huo lilikuwa Manzese. Serikali ilikuwa imeachana na sera ya kubomoa vibanda tangu 1972, ikasema watu waachwe walipo, wapelekewe barabara na bomba. Kwa hiyo Sinza na Manzese ni watoto wa deni moja.

Kwetu Midizini
Mzee wangu shikamoo. Umemaliza. Deni moja, mmoja akapewa hati, mwingine akapewa bomba la mtaa.

Mtoto wa Mori
Jamani, sikumtukana mtu. Nimesema mpangilio. Hata gari la zimamoto likiitwa Manzese linaingilia wapi? Hilo ni tusi au ni jiografia?

Kwetu Midizini
Jiografia? Haya, tuzungumze jiografia. Mto Ng'ombe unatoka wapi kwenda wapi? Unashuka kutoka huko juu kwenu, unapita Tandale, unakwenda kumwaga Msimbazi. Miaka yote vyoo vya Sinza vilifunguliwa mvua ikinyesha, mzigo ukashuka kwa watu wa vichochoroni. Mpaka DMDP, ule mradi wa kuendeleza jiji la Dar, walipokuja kuuchimba mto na kuujengea kingo ndipo watu wa Tandale wakapumua. Kwenye ramani yako hiyo sehemu umeipaka rangi gani?

Bibi wa Kijiweni
Wanangu, mnabishana vitu ambavyo wengine tulikuwepo. Nimeingia Sinza na mume wangu, Mungu amrehemu, mwishoni mwa miaka ya sabini. Hakukuwa na "ushuani". Kulikuwa na msingi wa nyumba na majani ya kiuno. Vita vya Kagera vimeanza, saruji unaipata kwa kibali, ukiipata mifuko mitano unaificha chini ya kitanda. Nyumba ya vyumba vitatu tumeijenga mpaka mtoto wa kwanza akamaliza la saba.

Huyu wa Midizini ana haki kidogo. Viwanja vile vilisemwa ni vya watu wa kipato cha chini. Aliyepata ni nani? Karani, mwalimu, askari, mtu wa wizarani. Mbeba mizigo wa Kariakoo fomu yenyewe hakuiona. Mume wangu alikuwa ofisini, ndiyo maana tukapata, sifichi.

Fundi Chokaa
Bibi umetisha. Hilo la waliopewa kuwa watu wa ofisini ndilo lililomaliza Sinza. Mtu anapewa kiwanja kidogo cha kujenga nyumba ya familia, anajenga gesti.

Mama Fremu
Tumeanza. Nilikuwa nahesabu ni mchango wa ngapi gesti zitatajwa.

Fundi Chokaa
Kwani uongo? Toka Shekilango, geuka popote unapotaka. Baa, gesti, saluni, fremu, baa. Benki ya Dunia ilileta hela za zahanati, sisi tukajaza vitimoto na vyumba vya masaa. Halafu mtu anakuja hapa kudai mpangilio.

Mama Fremu
Fundi, wewe hizo gesti unazijua mno kwa mtu ambaye amekwenda kupaka chokaa tu.

Kwetu Midizini
😂😂😂 Tumwache mzee wa watu

Ramani Mkononi
Naomba nirudishe watu kidogo. Kuna wachumi wa London School of Economics na wenzao walichunguza maeneo hayo hayo ya mradi, miongo mingi baadaye. Walilinganisha viwanja vilivyopimwa kabla ya watu kuingia na maeneo yaliyoboreshwa watu wakiwa ndani. Yaliyopimwa mapema yakakutwa na nyumba kubwa zaidi, zilizokaa kwenye mistari, zenye huduma bora. Yaliyoboreshwa hayakuonekana kuyaacha mbali maeneo ambayo hayakuguswa kabisa. Maana yake siyo kwamba watu wa Sinza ni bora. Maana yake kupima kabla ya kujenga ni rahisi, kupima baada ya kujenga ni vita. Hilo ndilo la kujadili, hasa leo Goba na Mbezi zinavyojaa. Hizo ziko Ubungo hiyo hiyo mnayoikimbia.

Kwetu Midizini
Kwa hiyo Wazungu wamekuja kutuhesabia mabati na kutuambia tuliyoyajua. Mtu mmoja kapewa barabara kabla hajaingia, mwingine kachongewa barabara kwa kubomolewa sebule. Halafu unapima nani ana nyumba nzuri! Sisi tumekaa na leseni za makazi zilizoanza kutolewa miaka ya 2000, karatasi ya muda, benki wanaiangalia kwa jicho la pembeni. Mwenye hati ya Sinza anakopa anapandisha ghorofa. Utafiti gani tena hapo?

Ramani Mkononi
Mbona ndicho nilichoandika, ndugu yangu? Tunakubaliana, lakini unanigombeza.

Kwetu Midizini
Umeandika kwa sauti ya huko huko.

Mzee wa Kota
Kuna jambo moja la hati hamlitaji. Wenye mashamba ya kwanza Sinza, Wazaramo na wengine waliowatangulia hao makarani wa Bibi, walilipwa kwa mnazi na mkorosho. Ardhi tupu haikuwa na bei kwenye fidia za wakati ule. Thamani ya ardhi imeingia rasmi na Sheria ya Ardhi ya 1999. Kwa hiyo mkianza kutafuta aliyeonewa, foleni ni ndefu kuliko Manzese.

Konda Mstaafu
Hapo mzee umegusa. Wenyeji wa Sinza hawapo. Mnagombana wageni watupu. Hata vituo vya daladala vinasema: nimeita miaka mingi "Mori, Kwa Remmy, Kumekucha, Makaburini". Kituo kikubwa kimepewa jina la Mkongo!

Mama Fremu
Konda na wewe. Remmy Ongala ni Mkongo kwa mujibu wa nani?

Konda Mstaafu
Kwa mujibu wa historia. Amezaliwa Kindu, Kongo.

Mama Fremu
Kazaliwa Kindu, kaja Dar 1978 kupiga muziki na bendi ya Makassy, akajenga jina na bendi ya Super Matimila, akakaa Sinza, akafa Desemba 2010 bado ni mtu wetu. Kaimba njaa ya Mswahili wa Dar kuliko nyie mliozaliwa Muhimbili. Wewe umezaliwa hapa, kituo gani kina jina lako?

Bibi wa Kijiweni
Huyo alikuwa jirani kabisa. Ukitoa maelekezo ya nyumba unasema "shuka kwa Remmy", mgeni hapotei. Namba za nyumba tumekuja kubandikiwa juzi, 2022, kwenye anwani za makazi kabla ya sensa. Mpaka leo bodaboda hasomi kibao, anauliza: karibu na wapi?

Konda Mstaafu
Sijamdharau marehemu. Nasema wenyeji hawapo. Mtu haruhusiwi kusema hata hilo?

Mama Fremu
Umesema "Mkongo" kwa mshangao. Ndiyo dharau yenyewe.

Konda Mstaafu
Haya, na Sam Nujoma naye nimemdharau? Ni Mnamibia, na barabara ya Mwenge mpaka Ubungo ni yake. Tena huko ndiko mwendokasi ya awamu ya nne imepangiwa kupita. Watu wa Sinza mtakuwa na mwendokasi pande mbili, barabara ya Morogoro na Sam Nujoma, na katikati mtaendelea kutembea kwa miguu.

Fundi Chokaa
Si bora kutembea. Shekilango ilipopanuliwa watu walisema foleni imekwisha. Mwenye fremu akasogeza meza, wa chipsi akaweka jiko, bajaji wakaweka kijiwe. Njia nne zimebaki mbili na nusu.

Mama Fremu
Meza yangu iko ndani ya mstari. Njoo na futi.

Mtoto wa Mori
Jamani! Tumefika Kindu, tumefika Namibia, sasa tunapima meza. Mimi niliuliza manispaa. Mtu wa Sinza anafaidika nini na Ubungo? Hilo tu.

Ramani Mkononi
Na Kinondoni utafaidika nini? Jina? Tangu Februari 2021, lilipovunjwa Jiji la zamani, hadhi ya Jiji la Dar es Salaam wamepewa Ilala. Kinondoni ni manispaa, Ubungo ni manispaa. Huduma nyingi zinaanzia ofisi ya kata na mtendaji wa mtaa, ambazo hazijahama hata hatua moja. Ukirudi Kinondoni, kinachobadilika ni kichwa cha barua.

Mtoto wa Mori
Kinachobadilika ni nauli na siku nzima ya kazi. Nilishasema, kibali cha ujenzi. Mtu unatoka Sinza mpaka Luguruni, unaambiwa mhusika yuko saiti, rudi kesho. Magomeni ungerudi mchana.

Kwetu Midizini
Samahani mdogo wangu, swali la kistaarabu. Hicho kibali unakitaka cha nyumba ipi? Una nyumba Sinza?

Mtoto wa Mori
Hilo linahusiana nini na mjadala?

Kwetu Midizini
Linahusiana. Tangu asubuhi unatutambia mitaa iliyonyooka. Ni mitaa yako?

Mtoto wa Mori
Nimekulia Mori, shule nimesoma Mapambano. Sasa hivi nimepanga, sioni aibu. Kodi nalipa miezi sita sita kama wengine. Na kibali niliyetumwa kukifuata ni mimi, kwa niaba ya mwenye nyumba, anataka kuongeza ghorofa.

Mama Fremu
Mwenye nyumba mwenyewe yuko wapi hata akutume wewe?

Mtoto wa Mori
Alishahama. Amejenga Mbezi.

Mzee wa Kota
Mbezi ya Kimara au Mbezi Beach?

Mtoto wa Mori
Ya Kimara. Mbele ya stendi ya Magufuli.

Kwetu Midizini
Kwa hiyo mwenye hati, Luguruni ni jirani yake, anakwenda na kandambili. Manispaa imemsogelea mwenye mali, unayeumia ni mpangaji uliyekubali kutumwa. Mwambie akafuate mwenyewe. Haya, Fundi, lete hilo futi tumalize ya meza, halafu mnijibu la Mto Ng'ombe, maana naona kila mtu amelikwepa.