Wakuu naomba ushauri: nimeweka hidrojeni kwenye grafini, niiite grafani?

Kaboni Moja: Wakuu, habari za jioni. Niko Uingereza, nasoma uzamili wa fizikia. Nimetia grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, kwenye plasma ya hidrojeni (gesi iliyochajiwa umeme). Ukinzani umepanda sana, na kwenye Raman, kipimo cha mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli, kilele cha D, alama ya kasoro, pale 1350, kimechomoza wakati mwanzo hakikuwepo. Dirisha la ikisiri za kongamano linafungwa Ijumaa. Niandike kwamba nimetengeneza grafani, yaani grafini iliyojaa hidrojeni? Usingizi sipati.

Babu wa Tanga: Hongera mjukuu. Sisi sekondari tulifundishwa mafuta ya kula yanavyogandishwa kwa hidrojeni na nikeli. Mwalimu wetu alikuwa mkali, lakini kemia ilikaa kichwani mpaka leo. Siku hizi walimu wa hivyo hawapo.

Pima Kwanza: D peke yake haitoshi. Plasma ikiwa kali inatoboa grafini, na matundu nayo yanatoa D. Elias na wenzake, Manchester, 2009, walipasha sampuli nyuzi 450 ndani ya agoni, hidrojeni ikatoka na grafini ikarudi. Wewe umepasha?

Kaboni Moja: Mkuu, tumalize la ikisiri kwanza. Msimamizi wangu amefurahi sana.

Pima Kwanza: Umepasha, hujapasha?

Kaboni Moja: Nimepasha. D imeshuka kidogo tu. Ila tanuri letu linavuja hewa, na oksijeni kwenye joto lile inakula kaboni, ndiyo maana jaribio hilo silihesabu. Halafu rasimu yenye neno "grafani" nimeshamtumia msimamizi.

Mama Neema: Mwanangu, mdogo wangu alitangaza harusi kabla posa haijajibiwa. Ukumbi ulilipiwa, aibu tukabeba ukoo mzima. Subiri.

Mzee wa Chai: Hii ni chai jamani. Mwezi uliopita huyuhuyu alikuwa anatafuta mtaji wa maji ya hidrojeni. Leo ana plasma Uingereza?

Kaboni Moja: Mtaji ulikuwa wa shemeji yangu, anatumia akaunti hii.

Babu wa Tanga: Hayo maji yanatibu presha?

Pima Kwanza: Kama ni kweli, kipo kilele kidogo cha D prime, pale 1620. Gawanya urefu wa D kwa wake.

Kaboni Moja: Naona kama 7.

Pima Kwanza: Basi si chai, anayetunga angesema 13. Eckmann na wenzake, 2012, walionyesha kwamba kaboni iliyoshika atomi ya nne (ndivyo ilivyo kwenye grafani) huleta kama 13, matundu kama 7. Grafini yako imetoboka. Na sampuli imelala wapi?

Kaboni Moja: Juu ya silika.

Pima Kwanza: Basi upande wa chini umefunikwa, hidrojeni ingeshika upande mmoja tu. Grafani ya Sofo na wenzake, 2007, ina hidrojeni pande zote mbili, moja kwa kila kaboni. Andika "grafini iliyopitishwa kwenye plasma", punguza nguvu, weka sampuli mbali na mwako wa plasma, zibeni tanuri, pima upya.

Kaboni Moja: Nikiandika "grafani kiasi" je? Msimamizi anasubiri jibu usiku huu.

Pima Kwanza: Kiasi gani, na uwiano ni 7? Mpigie sasa hivi, mtajie namba hiyo.

Mzee wa Chai: Weka picha ya Raman hapa, shemeji asiiguse.