Cheti cha GPA na chuo cha eksirei: karani anauliza divisheni iko wapi

Kutoka: Neema, Umoja

Shikamooni wakubwa, na Watanzania wenzangu wa Nairobi, habari za siku.

Nimerudi kutoka mjini saa hii na sijavua hata viatu. Mnaonifahamu mnajua mwaka wa nne huu nimekaa mapokezi kwenye kituo kimoja cha eksirei, naandika majina ya wagonjwa na kuwaonyesha choo kilipo. Mwaka huu nimesema basi, nami niende nikasomee kupiga hizo picha, diploma ya miaka mitatu. Chuo sikitaji. Leo nimepeleka vyeti. Karani akakigeuza cheti changu cha kidato cha nne cha NECTA, Baraza la Mitihani la nyumbani, mbele, nyuma, mbele tena, kama anatafuta bei. "Divisheni iko wapi?" Nikamwambia mimi ni wa 2014, sisi tulipewa GPA, wastani wa alama, badala ya divisheni, yangu ni 2.9 na pameandikwa daraja la Merit. Akasema amepokea Watanzania wengi na wote wana divisheni, kwa hiyo hiki anakitilia shaka. Mbele ya foleni nzima! Mama aliyekuwa nyuma yangu akaukumbatia mkoba wake.

Anataka barua ya uthibitisho. Barua ya nani? NECTA, ubalozi, au KNEC, baraza la mitihani la Kenya? Halafu ananidai pasi ya mwanafunzi, kile kibali cha mgeni kusoma hapa, na pasi naombaje kama chuo hakijanipa barua ya kunipokea? Mwenye cheti cha GPA aliyewahi kupita njia hii anisaidie. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa ijayo.

Kutoka: Hassani, South B

Pole sana dada. Mimi sikusoma huku, ila mdogo wangu alikuja kusomea ufamasia akakwama kwenye jina. Cheti cha kuzaliwa Athumani, NECTA Othman, pasipoti Athuman bila i. Miezi minne! Tukaapa kiapo kwa wakili hapa, tukaambiwa kinatakiwa kilichoapwa Tanzania. Akapanda basi usiku hadi Arusha, akaapa, akarudi, akakuta karani msumbufu kahamishwa na mpya hata hakukifungua. Kwa hiyo usikate tamaa, nenda tena siku nyingine, chungulia kwanza nani yuko dirishani.

Nadhani hiyo GPA ilikaa miaka miwili mitatu, lazima wamewahi kuiona.

Kutoka: Mzee Mushi, Lang'ata

Marahaba Neema.

Hassani, tusichangie kwa kudhani. Kwa kidato cha nne GPA ilitumika mwaka mmoja tu, kwa waliofanya mtihani 2014. Wa 2013 wana divisheni. Wa 2015 walikuwa waipate GPA pia, lakini Januari 2016 Waziri wa Elimu Ndalichako, ambaye kabla ya hapo alikuwa Katibu Mtendaji wa NECTA hiyo hiyo, akaagiza turudi kwenye divisheni. Nayajua haya kwa sababu mwanangu wa tatu ni wa mwaka huo huo wa Neema, na tumeyalipia nauli.

Na shida si neno Merit peke yake. Alama zenyewe hazilingani. Mwaka wenu B ilikuwa 50 hadi 59, na C ilikuwa 40 hadi 49. Siku hizi C ni 45 hadi 64. Maana yake B ya Neema kwa mtoto wa leo ni C. Wakenya nao wana ngazi 12, kuanzia A hadi E, na vijumlisha na vitoa katikati. Sasa mwambie karani aliyezoea C+ na C- akupangie B ya 2014. Mimi simlaumu sana. Namlaumu kwa kumfanya binti wa watu mwizi.

Kutoka: Mama Zuhura, Eastleigh

Neema mwanangu, hongera kwa kutaka udaktari wa eksirei. Lakini umefikiria mionzi? Nilikuwa na jirani kule Tanga alifanya kazi hiyo, hakupata mtoto. Wewe bado hujaolewa. Kwa nini usisomee maabara? Au ule ukunga, hawa Wasomali wa huku wanazaa vizuri mashallah, hutakosa kazi.

Halafu kuna anayejua wapi Nairobi napata unga wa muhogo usionuka ukungu?

Kutoka: Baraka, Kasarani

Shikamoo Mama Zuhura. Kwa heshima zote, naomba nirekebishe, maana mimi ndiyo kazi yangu mwaka wa saba sasa. Neema haendi kuwa daktari. Daktari wa radiolojia ndiye anayesoma picha na kuandika ripoti. Radiografa ndiye anayempanga mgonjwa, anachagua kipimo cha mionzi na kupiga. Tukikosea sisi, daktari hana cha kusoma.

Kuhusu uzazi, mama, dada niliosoma nao wana watoto, mmoja ana mapacha. Kila mtu anavaa beji kifuani inayopima mionzi aliyopokea, na beji inapelekwa kusomwa. Kiwango cha juu kwa mfanyakazi ni mSv (millisivati, kipimo cha mionzi) 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote usipite 50. Ukitangaza kwamba una mimba, mtoto tumboni hatakiwi kupokea zaidi ya mSv 1 kwa muda uliobaki. Dunia yenyewe, udongo na anga, inatupa kama 2.4 kwa mwaka tukiwa tumelala. Tunapiga tukiwa nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi, na ikibidi kuingia chumbani tunavaa aproni ya risasi, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Na kuna umbali. Ukisogea mara mbili ya pale ulipokuwa, mionzi inayokufikia inabaki robo. Ndiyo maana chuo kinang'ang'ania Fizikia, Neema. Si ukorofi.

Tena Fizikia yako irudie kabla hujaingia. Watu wanadhani ni kubonyeza kitufe. Utajifunza kilovolti za kupenya kifua cha mtoto na kiuno cha baba wa kilo 120, na kwa nini kifua cha mtu mzima anayeweza kusimama kinapigwa akiwa mita 1.8 kutoka kwenye mashine (karibu zaidi ya hapo, moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo na daktari anaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo). Utakariri mifupa 206 na namna ya kuilaza kila mmoja. Mguu wa mtu aliyeanguka na boda hauwezi kuulaza kama kitabu kinavyosema, huyo mtu analia.

Na Kiswahili chetu kitakuponza. Wiki yangu ya kwanza ya mafunzo ya vitendo nilimwambia mzee mmoja, "Tafadhali vuta pumzi, uizuie, wala usitikisike." Akacheka, akatikisika, picha ikarudiwa. Akaniuliza kama nasoma taarifa ya habari. Siku hizi nasema, "Vuta hewa, shikilia hapo hapo… haya, pumua." Nikienda likizo Morogoro mama ananiuliza nimejifunza wapi kuamrisha watu.

Cheti changu mimi ni cha divisheni, kwa hiyo kwenye hilo sina msaada.

Kutoka: Hassani, South B

Kaka Baraka umetufungua macho. Mzee Mushi, nimekubali mwaka mmoja, lakini "tumeyalipia nauli" halafu huelezi mlimalizaje?

Dada Neema, kuhusu pasi ya mwanafunzi, sisi raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hatulipi ada ya pasi, ni kanuni za Soko la Pamoja lililoanza Julai 2010. Unaombea eFNS, mtandao wa Uhamiaji wa Kenya, huendi ofisini kwao Nyayo House mpaka uitwe. Ila barua ya chuo inatangulia, hilo karani kachanganya. Mdogo wangu alianza na barua.

Ila tuseme ukweli, haya maswali ya "wewe ni Mtanzania, eeh?" yamezidi tangu ile amri ya nyumbani ya Julai 2025 ya kuwakataza wageni aina 15 za biashara. Fundi simu wa hapa chini kwangu alikuwa ananiita ndugu. Sasa ananiuliza kwa nini yeye hawezi kufungua kibanda Kariakoo wakati mimi nakula nyama choma South B kwa raha zangu. Nitamjibu nini?

Kutoka: Mama Zuhura, Eastleigh

Mjibu kwamba nao walizuia mahindi yetu 2021. Lakini na sisi tusijifanye malaika. Nani alichoma vifaranga elfu kumi vya Wakenya pale Namanga? Vifaranga hai! Mume wangu Mkenya ananikumbusha kila tukila kuku.

Baraka mwanangu nimekuelewa, Mungu akulinde. Hiyo aproni mvae.

Kutoka: Msimamizi

Ndugu zangu, tumekubaliana siasa ziende kule kwingine. Unga wa muhogo ni mada mpya, mama, fungua yako. Tumsaidie Neema.

Kutoka: Mzee Mushi, Lang'ata

Hassani, ulitaka kujua tulimalizaje. Mwanangu aliiomba NECTA taarifa ya matokeo, ikapelekwa moja kwa moja chuoni badala ya kupewa mkononi, na hiyo ndiyo karani wa chuo chake aliikubali. Hatukuandikiwa popote kwamba Merit ni divisheni fulani. Baadaye aliacha masomo, akaoa, sasa anauza vipuri Moshi na ana maisha mazuri kuliko yangu.

Na Neema, kama utarudi kufanya kazi nyumbani, ujue diploma ya huku haikuingizi hospitali moja kwa moja. Kuna baraza letu la radiolojia la kujisajili. Hata mashine za mionzi zina wasimamizi wake. Huku ni KNRA, mamlaka ya nyuklia ya Kenya, iliyorithi bodi ya zamani ya mionzi kwa sheria ya 2019, kwetu ni TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki.

Kutoka: Neema, Umoja

Asanteni wote. Mzee, kuiomba NECTA ilichukua siku ngapi? Leo ni Jumatano. Nimempigia dada yangu Dar, anaweza kufika ofisi za NECTA Mikocheni kesho akiruhusiwa kazini, lakini sijui wanahitaji saini yangu au hata yake inatosha. Nimerudi pia kwa karani, yuko yule yule. Nikamwonyesha kwenye simu habari za 2016 za kurudishwa kwa divisheni. Akasoma yote mpaka mwisho, akasema imempendeza, akasema bado anataka barua.

Kaka Baraka, Fizikia nilipata B. Kwa hesabu za Mzee Mushi sijui nijivunie au ninyamaze.

Jamani, siku ngapi?

Kutoka: Mzee Mushi, Lang'ata

Mama Zuhura, vifaranga vilikuwa 6,400, si elfu kumi. Na ilikuwa 2017.