Bima inakatwa kila mwezi, mbona dawa bado nanunua mfukoni? Na mfamasia analipwaje hasa?

BintiWaPili
Wakuu habari zenu. Naombeni mnieleweshe maana nimewaza hadi nimechoka. Mama yangu ana presha na sukari, yuko kwenye bima ya taifa kupitia mimi, mchango unakatwa kwenye mshahara kabla hata sijauona. Mwezi uliopita nikapeleka cheti chake famasi, dawa nne, nikapewa mbili, ya tatu nikaambiwa haimo kwenye orodha ya bima, ya nne ipo ila mfamasia akanambia wazi kabisa dada hii nikikupa kwa bima nakula hasara, kama una hela lipia. Nikalipa, mama hawezi kukaa bila dawa, lakini nilitoka pale namwona mwizi. Sasa nasikia wafamasia wanataka walipwe zaidi. Zaidi ya nini? Nani anawalipa, bima au sisi? Na wakiongezewa si ndo mchango wetu utapanda? Sijaja kugombana, nataka kuelewa tu.

MfamasiaWaZamu
Pole dada, mpe pole na mama. Mimi ni mfamasia, nina famasi ndogo, ngoja nikwambie inavyokwenda upande wa huku ndani.

Bima ina orodha ya dawa na kila dawa ina bei yake ya kunirudishia. Bei hiyo inapangwa, inakaa, inakaa sana. Mimi dawa nanunua kwa muuzaji wa jumla kwa bei ya wiki hii, na sarafu ikishuka yeye anapandisha hapohapo wala hasubiri kikao cha mtu. Kwa hiyo inafika siku naambiwa nirudishiwe pungufu ya nilichonunulia. Halafu hiyo hela yenyewe haiji leo, napeleka klemu, yaani madai ya kulipwa na bima, nasubiri miezi, na huku muuzaji wa jumla anataka chake kwa wakati. Klemu ikikosa sahihi ya daktari au tarehe imeandikwa vibaya inarudishwa, wakati dawa mgonjwa alishaimeza zamani.

Ila kukulipisha dawa ambayo bima inailipia si sawa, hapo simtetei mwenzangu, mikataba mingi ya bima inakataza kabisa.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Anakuja mzee wa presha, cheti kina enalaprili ya presha, ameongezewa spironolaktoni nayo ya presha, nikimhoji vizuri nagundua nyumbani anameza ibuprofeni za maumivu ya magoti kila siku. Hizo tatu kwa pamoja potasiamu, madini ya kwenye damu, inaweza kupanda na figo zikaumia, na kwa mzee mwenye sukari hatari ni kubwa zaidi. Nampigia daktari, namsubiri, namweleza mzee taratibu, nusu saa imeisha. Bima inanilipa ngapi kwa hiyo nusu saa? Sifuri. Tena kama hizo ibuprofeni alikuwa anazinunua kwangu nimejikatia na mauzo. Yaani kazi niliyoisomea nikiifanya vizuri ndo napata kidogo. Tunachodai ni hicho, tulipwe kwa kazi, siyo kwa idadi ya maboksi yaliyotoka.

Kaguzi_Mstaafu
Nimekaa upande wa bima nikikagua klemu, naomba na sisi tusikilizwe. Huo ukaguzi mnaoulalamikia haukuanza bure. Nimeona kwa macho yangu klemu ya vidonge 30 mgonjwa kapewa 20, nimeona imeandikwa dawa ya kampuni ya gharama na iliyotolewa ni ya bei rahisi. Hela iliyoliwa hapo ni ya mama wa huyu dada.

Lakini kwenye hoja ya malipo namuunga mkono mfamasia. Ukimlipa mtu asilimia ya bei ya dawa, dawa ya bei kubwa inampa zaidi kuliko ya bei ndogo inayotibu vilevile, sasa unategemea atakuchagulia ipi? Ndo maana nchi nyingi zimeingiza ada maalum ya kutoa dawa, yaani kiasi kilekile hata dawa iwe ya bei gani. Ujerumani kwa mfano mwaka 2023 kwenye dawa za cheti walikuwa wanalipa euro 8.35 kwa kila paketi na juu yake asilimia 3 tu. Sasa ada nayo ina ubaya wake, hiyo 8.35 iliwekwa 2013 na miaka kumi baadaye ilikuwa palepale, kodi ya pango na mishahara vinapanda, mpaka tarehe 14 Juni 2023 wafamasia wa nchi nzima wakafunga milango siku moja kupinga. Ada isipopangiwa utaratibu wa kupitiwa kila mwaka inageuka adhabu.

Mchangiaji_Mkongwe
Niongeze kidogo hapo kwenye "nani anawalipa". Watu wengi tunadhani tunachotoa dirishani kinabaki kwa mfamasia. England mgonjwa anayetakiwa kulipia anatoa paundi 9.90 (bei ya 2025) kwa kila dawa, famasi inaikusanya tu, ni hela ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa kule, inakatwa kwenye kile NHS inachoilipa famasi. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kulipa na mfamasia asione faida yoyote, tunamkasirikia aliye mbele yetu kwa sababu ndiye tunayemwona.

KaziMojaMshaharaMmoja
Mbona mnaongea kama kila mfamasia ana famasi? Mimi nimeajiriwa. Nasimama kutwa nzima, nikikosea dozi leseni inayoondoka ni yangu siyo ya tajiri. Bima ikipandisha ada hela inaingia kwa mwenye duka na mshahara wangu haujongei. Kama mnadai malipo ya haki dai lenu liseme na sisi tulioajiriwa tunapata nini, la sivyo ni dai la wenye maduka, na mchangiaji ana haki ya kugoma kulibeba.

MfamasiaWaZamu
Umesema kweli, na sina jibu zuri la kukupa. Nina msaidizi ninayemlipa chini ya anavyostahili na najua.

BintiWaPili
Asanteni wote, sasa naanza kupata picha. Basi kesho nikirudi famasi nifanyeje?

MfamasiaWaZamu
Mwombe daktari aandike dawa kwa jina la dawa yenyewe siyo jina la kampuni, mara nyingi iliyokataliwa ina mwenzake ndani ya orodha. Ile uliyolipia, kama imo kwenye orodha na una risiti, peleka malalamiko bima. Na usiende na cheti peke yake, beba kila anachomeza mama, hata vya kununua bila cheti.

BintiWaPili
Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Anameza ibuprofeni za magoti, mbili asubuhi mbili usiku, tangu mwaka juzi. Na enalaprili anayo. Anasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Kesho naenda naye mwenyewe na mfuko wote wa dawa.

MfamasiaWaZamu
Usingoje famasi ifunguliwe, mpitishe kwanza kwa daktari wake apimwe figo na potasiamu. Na za usiku wa leo asimeze, kwa maumivu atumie paracetamol. Enalaprili asiiache.