Naomba ushauri: nianze na upanga wa mkono mmoja au wa mikono miwili?
Ndugu wanachama, ninakusudia kuanza mazoezi ya upanga wa mbao, lakini walimu wawili niliowauliza wamenipa majibu yanayopingana.

Wa kwanza anasisitiza katana ya Kijapani. Upanga huo, ambao kwa kawaida una uzito wa takriban kilo moja, unaweza kuinuliwa kwa mkono mmoja bila shida, na bado hushikwa kwa miwili, kwa sababu mkono wa kushoto ulio mwishoni mwa mpini huongoza pigo na kulisimamisha mahali panapotakiwa. Hoja hiyo naikubali, ingawa Miyamoto Musashi, mpiganaji wa upanga mashuhuri wa Japani aliyefariki mwaka 1645, alifundisha kupigana na panga mbili, mmoja katika kila mkono.

Mwalimu wa pili anapendelea kitara cha Oman, ambacho mpini wake ni mrefu na hauna kinga ya vidole. Hushikwa kwa mkono mmoja, huku mwingine ukibeba ngao ndogo ya ngozi. Je, ni ngao pekee inayoamua hivyo, kama vile hatamu za farasi zinavyomlazimu mpanda farasi kutumia mkono mmoja, au wembamba wa bapa lake pia unahusika?

Kiwiko changu cha kulia ni dhaifu, kwa hiyo ninaelekea upande wa mikono miwili. Nahofia tu kwamba, nikizoea hivyo, itaniwia vigumu baadaye kugeuza bega na kunyoosha mkono mmoja mbali. Waliopitia njia zote mbili, mlianza na ipi?